Winga Mwenye Kasi Hasajiliwi Peke Yake

Tarehe 6 Desemba 2022, katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia nchini Qatar, Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco na hawakupata bao hata moja kwa dakika 120. Wakatolewa kwa penalti, wakikosa zote tatu walizopiga. Miezi 19 baadaye, tarehe 14 Julai 2024 mjini Berlin, Hispania hao hao walitawazwa mabingwa wa Ulaya. Bao lao la kwanza kwenye fainali ile dhidi ya Uingereza lilikamilishwa na watu wawili: Lamine Yamal aliingia ndani akitokea kulia, akamwona Nico Williams anakuja upande wa pili, akampa, Nico akafunga.

Wengi walifikia hitimisho la haraka kwamba Hispania wamepata mawinga wa kasi na tatizo limekwisha. Lakini Nico Williams alikuwepo hata siku ya Morocco. Aliingia kipindi cha pili akitokea benchi, na ubao wa matokeo haukusogea. Mchezaji ni yule yule na miguu ni ile ile, ila timu iliyomzunguka ilikuwa nyingine. Hapo ndipo mjadala wa mawinga unapopotea kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Kasi inazungumzwa kama kitu cha kubandika juu ya timu iliyokwisha kukamilika, wakati ukweli ni kwamba ukiamua kuishi kwa kasi ya pembeni umeamua pia namba tisa wako, yaani mshambuliaji wa kati, awe wa aina gani, mabeki wako wasimame wapi, na hata kipa wako awe nani.

Hesabu ya mita tatu

Tuanze na kasi yenyewe, maana inatajwa sana kuliko inavyopimwa. Winga anayefikia kilomita 36 kwa saa anakwenda mita 10 kila sekunde. Beki anayefikia kilomita 32.4 kwa saa, ambaye si mzito hata kidogo, anakwenda mita 9. Wakiwa wote wameshachanganya mwendo na wakaanza sambamba, winga akimaliza mita 30 beki yuko mita tatu nyuma yake. Kwenye soka mita tatu ni nyingi mno. Zinatosha kuinua kichwa, kuutengeneza mpira mguuni na kuchagua pembe ya kupiga.

Sharti ni kwamba mita 30 hizo ziwepo. Uwanja wa mashindano makubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mabeki wa wapinzani wakisimama karibu na mstari wa kati, nyuma yao kuna takriban mita 50 za nyasi zinazolindwa na kipa peke yake. Sheria ya kuotea nayo inampa winga nafuu, kwa sababu aliye ndani ya nusu yake wakati pasi inapigwa hawezi kuotea. Lakini mabeki hao wakirudi na kujipanga kwenye ukingo wa eneo la penalti, nyuma yao zinabaki mita 16.5. Humo winga hapati hata muda wa kuchanganya mwendo. Ndiyo sababu mchezaji yule yule anawaka Jumamosi hii, na Jumamosi inayofuata unamtafuta uwanjani humwoni.

Kwa hiyo kasi ni mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya kuchomoka, zile mita tano za mwanzo kutoka kusimama. Ya pili ni mwendo wa juu, unaohitaji nafasi ndefu. Gareth Bale alionyesha hiyo ya pili tarehe 16 Aprili 2014, fainali ya Kombe la Mfalme la Hispania kati ya Real Madrid yake na Barcelona, zikiwa zimebaki dakika tano. Aliusukuma mpira mbele akiwa karibu na mstari wa kati, beki Marc Bartra akambana hadi akatoka nje kabisa ya uwanja, akapita huko huko nje, akarudi ndani, akauwahi mpira na kufunga bao la ushindi wa 2-1. Mbio zile hazina maana dhidi ya timu iliyopaki basi, yaani iliyorudi yote kulinda lango. Dhidi ya basi anahitajika mtu wa kuchomoka na kupiga chenga penye nafasi ndogo, na huyo si lazima awe mwenye mwendo mkubwa kuliko wote uwanjani. Yamal mwenyewe hasifiki kwanza kwa mbio. Silaha zake ni mguso, chenga na jicho la pasi.

Hofu inafanya kazi bila mpira

Faida kubwa ya winga wa kasi haionekani kwenye takwimu za mabao wala pasi za mwisho. Inaonekana kwa wapinzani, kabla hajagusa mpira. Beki wa pembeni anayejua kwamba nyuma yake kuna mtu wa kumwacha kwa mita tatu hapandi kushambulia. Beki wa kati wa upande huo anasogea kumsaidia. Safu nzima inarudi mita nane au kumi, na kwa kuwa viungo wao wanataka kubaki mbele kukaba, pengo linafunguka kati ya viungo na mabeki. Namba kumi, kiungo mshambuliaji, anapokea mpira ndani ya pengo hilo, anageuka bila bughudha, na sisi tunamsifu yeye kwa kazi iliyoanzishwa na mtu aliyesimama kwenye chaki umbali wa mita 30.

Hili ni muhimu sana kwa wanaofanya usajili. Ukimhukumu winga kwa mabao yake tu, unaweza kumuuza mtu aliyekuwa anawafungulia njia wenzake wote, kisha msimu unaofuata ukashangaa kiungo wako fundi amepotelea wapi.

Kasi inavyochagua mabeki

Chukua Leicester City ya msimu wa 2015-16, mabingwa wa Uingereza kwa pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal walioshika nafasi ya pili. Kulia alikuwa Riyad Mahrez, aliyetoka Le Havre ya Ufaransa Januari 2014 kwa ada ndogo sana. Mbele alikuwa Jamie Vardy, mtu wa kukimbilia nyuma ya mabeki. Timu ilikaa chini, ikawaachia wapinzani mpira, kisha ikautupa haraka kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Tazama mpango huo ulivyowafaa watu wengine. Mabeki wa kati walikuwa Wes Morgan na Robert Huth, majabali wa mipira ya juu ambao usingependa kuwaona wakikimbizana na mtu kwenye nafasi ya mita 40. Hawakuhitaji, kwa sababu timu iliyokaa chini haiachi mita 40 nyuma yake. Upande wa kushoto Marc Albrighton alirudi kukaba bila kuchoka, na hilo lilimpa Mahrez ruhusa ya kubaki juu kidogo. Katikati N'Golo Kanté alinyang'anya mipira na Danny Drinkwater akaipeleka mbele kwa pasi ndefu. Kasi ya mbele iliruhusu uzito wa nyuma. Klabu isiyo na fedha za kununua mabeki wenye nguvu na kasi kwa pamoja inaweza kuishi hivyo, na kwangu mimi hayo ndiyo matumizi ya busara zaidi ya winga wa kasi kwa timu ya kawaida.

Geuza upande wa pili. Liverpool ya kuanzia 2017 ilikuwa na kasi zaidi ya hiyo pembeni, lakini haikutaka kukaa chini. Sadio Mané alikuwa ametoka Southampton mwaka 2016, Mohamed Salah akaja kutoka Roma mwaka 2017. Mané anatumia mguu wa kulia na alicheza kushoto. Salah ni wa mguu wa kushoto na alicheza kulia. Winga aliyewekwa hivyo anavutwa kuingia ndani, kuelekea goli, kwa mguu wake wenye nguvu. Wote wawili wakifanya hivyo, mambo mawili hutokea mara moja. Namba tisa wa kusimama kwenye boksi angewazibia njia, kwa hiyo Roberto Firmino alishuka chini na kuwavuta mabeki wa kati watoke. Na pembeni pakabaki patupu, hivyo lazima mtu apajaze.

Waliopajaza ni Andrew Robertson na Trent Alexander-Arnold. Msimu wa 2018-19 ligi kuu ilishuhudia jambo lisilo la kawaida: Alexander-Arnold alitoa pasi 12 za mabao na Robertson 11, huku Salah na Mané wakifunga mabao 22 kila mmoja. Mabeki wa pembeni ndio waliokuwa mawinga wa krosi, na mawinga ndio waliokuwa washambuliaji. Lakini beki anayepanda anaacha shimo nyuma yake. Ndiyo maana viungo wa Liverpool wa wakati huo, akina Jordan Henderson, Georginio Wijnaldum na Fabinho, walikuwa watu wa kufunika zaidi kuliko kubuni. Waliolalamika kwamba viungo hao hawafungi hawakuwatendea haki, maana kazi yao ilikuwa kuulipia uhuru wa wengine. Nyuma yao akahitajika beki wa kati anayeweza kulinda eneo kubwa, ndipo Virgil van Dijk akaja Januari 2018 kwa pauni milioni 75, na kipa wa kutoka mbali kuuwahi mpira, ndipo Alisson akaja miezi michache baadaye. Ukiifuata orodha hiyo ya manunuzi kutoka mbele kwenda nyuma, utaona imeanzia kwenye miguu ya mawinga wawili.

Mguu wenyewe una maana kubwa kuliko tunavyoupa. Manchester City ya 2017-18, iliyofikisha pointi 100 na mabao 106, iliwaweka Leroy Sané wa mguu wa kushoto upande wa kushoto na Raheem Sterling wa mguu wa kulia upande wa kulia. Waliuparamia mstari wa goli kwa nje, kisha wakarudisha pasi ya chini mbele ya lango. Walishika upana wote wenyewe, kwa hiyo beki wa kushoto hakuwa na sababu ya kupanda pembeni, na Fabian Delph, kiungo kwa asili, akachezeshwa namba tatu, yaani beki wa kushoto, ili aingie katikati kusaidia viungo. Mawinga wawili wa kasi kama wa Liverpool, mguu tu ndio umebadilika, na tayari klabu inatafuta beki wa aina tofauti kabisa.

Uhuru wa mmoja unalipwa na mwingine

Timu chache sana zinaweza kuwaacha mawinga wote wawili wasirudi kukaba. Ufaransa ya 2018 haikujaribu. Kylian Mbappé, akiwa na miaka 19, alipewa upande wa kulia, na kushoto kocha Didier Deschamps akamweka Blaise Matuidi, ambaye ni kiungo wa mapafu na mikato. Kwenye karatasi iliandikwa washambuliaji watatu nyuma ya Olivier Giroud, lakini uwanjani upande mmoja ulikuwa wa kukimbia na mwingine wa kulinda. Real Madrid walifanya mfano wa hayo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2022: Vinícius Júnior huru kushoto, Federico Valverde, kiungo, akifanya kazi kulia. Bao pekee la usiku ule lilitoka kwa Valverde kwenda kwa Vinícius.

Deni hilo lisipolipwa, wapinzani wanalidai. Sijaona mfano ulio wazi kuliko fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022 pale Lusail. Ousmane Dembélé wa Ufaransa ni kati ya mawinga wepesi zaidi wa kizazi chake. Lionel Scaloni, kocha wa Argentina, akamweka Ángel Di María, mwenye miaka 34, upande wa kushoto, uso kwa uso na Dembélé aliyecheza kulia. Di María hakuwa na mbio za kushindana naye. Alichofanya ni kumlazimisha acheze kama beki. Dembélé alimwangusha ndani ya boksi, ikawa penalti na bao la Lionel Messi. Kisha Di María akafunga la pili yeye mwenyewe, mwishoni mwa shambulizi la pasi za haraka. Dakika ya 41, kabla hata ya mapumziko, Deschamps alimtoa Dembélé pamoja na Giroud.

Na mechi hiyo hiyo ina somo la pili, la upande wa pili. Walioingia ni Randal Kolo Muani na Marcus Thuram, vijana wenye mbio. Di María akatoka dakika ya 64, miguu ya Argentina ikaanza kuchoka, na nafasi ambazo hazikuwepo kipindi cha kwanza zikaonekana. Kolo Muani alimzidi beki Nicolás Otamendi mbio, akaangushwa, ikawa penalti na bao la Mbappé. Dakika iliyofuata Thuram akamtengenezea Mbappé bao la kusawazisha. Ikaisha 3-3 na Argentina wakashinda kwa penalti. Kasi ile ile iliyokuwa mzigo dakika ya 30 ilikuwa tishio dakika ya 80. Saa ya mechi, kama vile nafasi nyuma ya mabeki, ni sehemu ya bei ya winga.

Ndiyo sababu naamini ruhusa ya kubadili wachezaji watano, iliyoanza mwaka 2020 kwa muda na kuingizwa kwenye sheria moja kwa moja mwaka 2022, imewagusa mawinga kuliko wachezaji wengine wote. Kocha anaweza sasa kuwamaliza wawili kwa dakika 65 kisha akaleta wawili wapya dhidi ya mabeki waliochoka. Kikosi kinahitaji mawinga wanne wa kweli, wasiofanana. Kuna sababu ya kitabibu pia: misuli ya nyuma ya paja huumia zaidi mtu anapokimbia kwa mwendo wake wa juu, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya winga. Klabu inayoegemeza mpango wake wote kwenye jozi moja ya mapaja inajitafutia matatizo ya Februari.

Anayenunua atazame nini

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kununua nafasi kwa kudhani umenunua mchezaji. Winga anang'ara kwenye timu inayokaa chini na kushtukiza. Kila wiki anapewa mita 40 za kukimbia. Klabu kubwa inamlipia ada nono, inamleta kwenye timu inayomiliki mpira muda mwingi, na anakuta mabeki wanne na viungo wanne wamejipanga ndani ya mita 25. Mbio zake hazijapungua hata kidogo. Hana tu pa kuzipeleka. Mashabiki wanasema ameshuka kiwango, na kijana anaanza kuamini hivyo.

Manchester City wanaonyesha kwamba hata klabu moja hubadili jibu. Miaka mitano baada ya Sané na Sterling, waliposhinda mataji matatu msimu wa 2022-23, pembeni walikuwa wakisimama watu kama Jack Grealish na Bernardo Silva, wanaoushika mpira, kuutuliza na kuipa timu muda wa kujipanga. Mara tu baada ya msimu huo, Agosti 2023, wakamnunua Jérémy Doku kutoka Rennes, mtu wa kuchomoka na kumwacha beki papo hapo. Walichotafuta ni ile kasi ya kwanza, ya mita tano, kwa sababu wapinzani wao wengi hukaa chini.

Umri nao uangaliwe kwa uaminifu. Mbio hupungua, na mkataba mrefu kwa winga wa miaka 28 asiye na kitu kingine ni bahati nasibu. Wanaodumu ni wale wenye ufundi wa ziada wa kuhamia nao kwingine: Ryan Giggs alianza winga wa kushoto na akamalizia kiungo wa kati, Cristiano Ronaldo akatoka pembeni akawa mmaliziaji wa ndani ya boksi. Franck Ribéry na Arjen Robben waliondoka Bayern Munich mwaka 2019 wakiwa na miaka 36 na 35. Uamuzi wao ukingoni mwa boksi ulikuwa umebaki mkali hata mbio zilipopungua.

Kama ningeulizwa kuhusu winga anayetakiwa kusajiliwa, nisingeanza na video ya mabao yake. Ningeomba vipande vitatu. Cha kwanza ni mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, nione anasimama wapi na beki anayemkaba anahofia nini. Cha pili ni dhidi ya timu iliyojaza boksi, amepokea mpira akiwa amesimama, wakaja wawili kumfungia. Cha tatu ni dakika ya 75, timu yake imetoka kupoteza mpira na beki wa wapinzani anapanda kwa upande wake, nimtazame kama atageuka kumfuata au atasimama na kuinua mkono.